Ndeti Mvunja Nguzo na Lango Jembamba la Kalondu

Sogeeni, enyi watu wa Mumbuni na Masii na Muthetheni! Mwenye jembe aliweke chini, mwenye kutafuna muwa ateme kapi kwa adabu, na wewe unayejifanya unapita tu, simama, maana unajulikana. Yanakuja masimulizi mazito, ya safari na vita na hila za wauzaji, ya ushindi uliopatikana kwa upana wa vidole viwili. Na kama hayajaimbwa mpaka leo si kwa sababu ni madogo, ni kwa sababu waimbaji wetu ni wavivu. Ee Mola uliyeumba mti ukauacha uanguke upande uutakao, utie nguvu ulimi huu usikwame njiani.

Hapo kale, kale ya juzijuzi, mwaka wa elfu mbili na nne, aliishi katika mji wa Machakos jemadari mmoja jina lake Ndeti, mzaliwa wa Muthetheni, mpanda vilele, mwenye kamba ndefu na msumeno wa kunguruma. Kazi yake ilikuwa miti. Mti ulioegemea nyumba ya mtu aliushusha tawi kwa tawi bila kutoboa bati. Mti mgonjwa aliupogoa ukapona. Mti mkaidi aliukata akauaga. Huko juu, miguu imekumbatia shina na mji mzima uko chini ya nyayo zake, hakuwako mtu wa kumwambia neno. Lakini chini, jamani, chini ndiko kulikokuwa na mambo.

Kwa maana alikuwa na jina jingine, na jina hilo hakulipenda hata kidogo. Mwaka wa mvua ya El Nino mti uliangushwa na upepo katika uwanja wa Bi Kalondu pale Mumbuni, naye Ndeti akakodi trekta la watu aje auvute, na trekta lile likaingia langoni kama mlevi anavyoingia kwake, likaibwaga chini nguzo ya kushoto. Na zile hazikuwa nguzo za hivihivi. Zilijengwa na marehemu mume wa Kalondu, mwashi, kwa mikono yake mwenyewe, na ndani ya saruji alipachika vigae vya sahani na vikombe vya harusi yao, vyenye maua ya buluu, kila chombo kilichovunjika katika miaka thelathini ya ndoa. Ndeti aliijenga upya nguzo ile, akaokota vigae kimoja kimoja akavirudisha mahali pake, akapiga lipu, akapaka chokaa. Ikasimama, ndiyo, ila ilisimama imeinama kidogo kuelekea ndani, kama mtu anayetega sikio kwa habari za jirani. Alifanya yote yale isipokuwa jambo moja: hakusema samahani. Neno lilimkaa kooni, siku ikapita, mwezi ukapita, na baadaye akaona haya kulisema likiwa limechelewa hivyo.

Basi Mumbuni nzima ikamwita Mvunja Nguzo. Watoto walimwita hivyo, wauza mboga ya sukuma walimwita hivyo, na siku moja kasisi alilitamka jina hilo madhabahuni akitangaza harambee, akaomba radhi papo hapo, lakini watu walikuwa wameshacheka.

Miaka sita ikapita. Kisha mkaratusi mkuu wa Kalondu, mti uliokuwa mrefu kuliko mnara wa kanisa, ukaanza kuegemea paa la nyumba yake. Kalondu akamwita Ndeti. Usidhani alikuwa amemsamehe. Aliita kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuupanda. Ndeti akaupanda, akaushusha, na bati hata moja halikuguswa. Walakini shina lenyewe lililala katikati ya uwanja, limekatwa magogo manne manene, mabichi, mazito kama dhambi. Vijana sita walijaribu kulibeba lile dogo kuliko yote. Walifika nusu ya uwanja wakaliacha, na mmoja wao kwa majuma mawili alivalishwa viatu akiwa amelala.

Ndipo Kalondu, bibi wa nguzo mbili, mwalimu mkuu mstaafu aliyewachapa nusu ya wazee wa mji huu walipokuwa wadogo, akaweka kiti chake cha kukunja karibu na lango, akaweka fimbo magotini, akanena.

"Ndeti, nisikize vizuri, maana sirudii. Jumamosi wageni wanaleta mbuzi wa ntheo, wale wa kumposa mjukuu wangu. Mbuzi wanaweza kuruka hayo magogo, lakini wazee hawataruka. Yatoe. Usiyapasue kuni, nataka mbao. Usibomoe ukuta, ukuta ni wangu. Yatoe kwa lango. Na kama nguzo zangu zitatikisika, hata kigae kimoja kikidondoka, nitasimama mbele ya wazee wa koo zote mbili niwaambie wewe ni nani, na Machakos hii hutapewa tena hata mpera wa kupogoa."

"Nimesikia, mwaitu," akasema Ndeti, kwa jina la heshima tumwitalo mama yetu.

Sasa ni lazima ijulikane kwamba Ndeti kwa muda mrefu alikuwa akiota. Ndotoni aliona lile tingatinga fupi la kubebea mizigo, lisilo na usukani, lenye vyuma viwili vya kushika mkononi na koleo kubwa mbele, ligeukalo palepale lilipo kama kuku anayetaka kulalia mayai. Mtu mwenye tingatinga hilo huingia uani kwa watu, huvuta gogo, hubeba matawi, hutoka, na mgongo wake unabaki wake. Kwa ajili ya ndoto hiyo alikuwa ameweka akiba ya jasho la miaka kumi na miwili, na mwezi ule akawauza maksai wake wawili aliowapenda, mweusi na mwekundu, wa mwisho wa boma la baba yake. Alikuwa na nafasi ya kununua mara moja tu. Akichagua dogo mno, halitavuta mkaratusi. Akichagua pana mno, halitapita kwa Kalondu, wala kwa mtu mwingine Mumbuni, kwa maana malango ya huko yalijengwa kwa kipimo cha mkokoteni wa punda. Hapo maksai wameenda, kazi imeenda, na lile jina limebaki mpaka kaburini.

Alhamisi asubuhi, kabla ya vita, akaenda kulipima lango. Futi yake ya chuma ilikatwa na msumeno zamani, ikawa inaanzia inchi ya kumi na saba, na kila hesabu ilimpa kichwa kuuma. Kwa hiyo akapima kama baba yake alivyopima shina la mti, kwa kamba ya mkonge. Akapima chini, akapima juu, akachukua pale palipobana zaidi, akafunga fundo huku na fundo kule. Fundo kwa fundo, huo ndio upana wa lango la Kalondu. Kamba ilikuwa imeloa oili ya msumeno, nyeusi tii. Akaifikisha nyumbani, akaiweka mezani, akaenda kuoga. Alipotoka alivaa koti haraka, kwa kuwa lori lilikuwa linapiga honi barabarani.

Lori hilo lilikuwa la Abdinur mwana wa Hirad, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa, mjua masikio ya ng'ombe, ambaye ndiye aliyewanunua wale maksai. Ndeti alimwomba awe mshauri wake. Watu waliuliza, mchuuzi wa mbuzi anajua nini kuhusu injini? Abdinur akawajibu, "Wallahi, kitu chochote kinachokula, kinachotoa moshi na kinachouzwa na mtu anayetabasamu, mimi nakijua."

Akapanda pia Nthenya, mke wa Ndeti, mama Kamanthe, msokota mkonge, mwenye mikono isiyojua kupumzika. Akienda sokoni alikuwa akisuka kiondo, akirudi alikuwa akisuka kiondo, hata kwenye mazishi alisuka, kwa heshima na polepole. Siku ile alikuwa akimalizia kiondo kikubwa chenye mistari ya zambarau, alichokusudia kumpa Kalondu siku ya ntheo ili moyo wa yule mama ulainike. Alipoulizwa anaenda Mavoko kufanya nini, alisema mwanamume akienda peke yake kununua kitu hurudi na kingine.

Wakafika Mavoko, kando ya barabara kuu, kwenye uwanja wa vyuma wa Dedan. Huyo Dedan alikuwa mtu wa Murang'a, mnene, mchangamfu, mwenye ulimi uliopakwa siagi. Akawapokea kwa mikono miwili.

"Karibu mzee, karibu mama, karibu alhaji!"

"Bado sijaenda Makka," akasema Abdinur.

"Ukinunua kwangu utaenda, kwa baraka tu!"

Na hapo, juani, yakasimama majitu matatu ya chuma. La kwanza lilitembea kwa minyororo badala ya magurudumu, zito, jeusi, lenye sura ya hasira. Ndeti alimwomba Dedan aligeuze mara moja tu. Likageuka, na ardhi ya chini yake ikapinduka kama shamba lililolimwa. Ndeti akaufikiria uwanja wa Kalondu na wazee wa koo mbili wakiwa wamezama mpaka vifundoni, akalipungia mkono wa kwaheri.

La pili lilikuwa la manjano. Ngai! Manjano gani hayo! Liling'aa mpaka mtu akaona meno yake ubavuni mwake. Lilikuwa na chumba cha kioo, na feni, na redio. Ndeti akapanda akaketi, akashika vyuma viwili, na papo hapo akajiona akipita barabara ya Mumbuni na wote waliomcheka wakisimama kando kumpisha. Moyo wake ukayeyuka wote.

La tatu lilikuwa nyuma ya kibanda, fupi, rangi imechujuka mpaka hujui ilikuwa nyekundu au ya machungwa, na ndani ya koleo lake alilala kuku.

"Hilo usiliangalie, mzee," akasema Dedan. "Hilo ni kuku analitumia."

Abdinur akasogea mbele. Akalizunguka la manjano mara tatu, mikono nyuma. Akalipiga kofi matakoni. Akainama akatazama magurudumu ya nyuma kwa muda mrefu, kisha akaingiza kiganja chake kwenye injini, akakitoa upesi, na uso wake ukajaa furaha ya mtu aliyemkamata mwizi.

"Warya Ndeti, shuka! Shuka, ndugu yangu, kabla hujaolewa na huyu. Sikio lake ni la moto."

"Sikio gani?"

"Ng'ombe mzima asubuhi ana sikio baridi. Akiwa na sikio la moto kabla ya kazi, ana homa. Sisi tumefika sasa hivi. Nani alimwamsha huyu? Nani alimkimbiza mpaka akapata joto? Mimi nitakwambia. Ni huyu bwana, kwa sababu akimwacha baridi hataamka mbele ya mteja." Akamgeukia Dedan kwa upole mkubwa. "Sikulaumu. Mimi mwenyewe hulisha ng'ombe mkonde chumvi, anakunywa maji mpaka tumbo linakuwa ngoma, naenda naye sokoni. Na hii rangi mpya, kaka, mimi hupaka mafuta. Tunafanya kazi moja."

Dedan akacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa shati. "Alhaji, injini ni kawaida kupata joto na jua la Mavoko! Mzee, usisikize watu wa mbuzi. Lango lako ni la futi ngapi? Hii inapita hata mlango wa choo. Hiyo ndogo itakuaibisha, itavuta gogo moja ianze kulia."

Basi Ndeti akawa kati ya pande mbili, na tusifiche: alilitaka la manjano. Sikio la moto au baridi, alilitaka. Akajiambia kwamba Abdinur anaona homa kila mahali kwa sababu ya kazi yake. Akasema kwa sauti kuu, akiwa bado amekaa chumbani mwa kioo, "Nyamazeni nyote! Mwamuzi yuko mfukoni mwangu. Nilipima lango kwa kamba, fundo kwa fundo. Litakalopita ndani ya kamba ndilo langu, na lisilopita, hata likiwa na redio mbili, libaki na mwenyewe!"

Akatia mkono mfuko wa kulia. Hamna. Akatia wa kushoto, akatoa leso na kipande cha sabuni. Akatia wa ndani. Akakung'uta koti zima. Simu ya kumpigia Kalondu haikuwepo, maana Kalondu alisema simu ni za watu wasiojua kuandika barua. Kurudi Machakos kupima tena kungemaliza siku, na Dedan alikuwa ameshatangaza, kweli au uongo, kwamba kuna mnunuzi wa Thika anakuja saa nane.

"Mama Kamanthe," akaita, na sauti ilikuwa imepungua ujemadari, "ile kamba niliweka mezani..."

Nthenya alikuwa ameketi kwenye gurudumu kuukuu, anasuka. Mikono yake ikasimama. Hiyo peke yake ilitosha kumtisha kila aliyemjua. Akakitazama kiondo chake, na Ndeti akakitazama, na Abdinur akakitazama. Kulikuwa na zambarau, na nyeupe, na zambarau tena. Na karibu kabisa na ukingo, mizunguko miwili myeusi tii.

"Aiya," akasema Nthenya polepole. "Mkonge uliniishia asubuhi. Nikaona kamba imekaa tu, imesokotwa vizuri, rangi nyeusi inapendeza. Tena nikajiuliza, ni mjinga gani amefunga mafundo huku na huku? Nikayaficha kwa ndani."

"Mjinga ni mimi," akasema Ndeti.

"Hilo nimeshajua. Sasa?"

"Sasa... ufumue."

Hata kuku akainua kichwa. Nthenya akasimama, kiondo kifuani kama mtoto, naye akatoa hotuba yake, na Dedan anasema hajawahi kusikia tena hotuba ya namna ile.

"Baba Kamanthe! Hiki kiondo nimekisuka tangu mvua za Aprili. Nimekisuka nikiwa na malaria. Nimekisuka kwa sababu wewe ulivunja nguzo ya mtu na ukashindwa kufungua mdomo, mimi nikasema acha mikono yangu iseme. Ukingo ndio kazi ngumu kuliko zote. Na leo unaniambia nifumue ukingo mbele ya wanaume wawili na kuku? Inaniuma. Nasema wazi, inaniuma." Akapangusa jicho kwa mgongo wa mkono. Kisha akaketi chini. "Lakini kiondo kizuri kwa mtu uliyemvunjia nguzo ya pili, ni cha nini? Leta kisu."

Akafumua. Alifumua bila haraka, na kamba ikatoka imejikunja, imepinda kama mkia wa nguruwe, fundo likiwa huku na fundo kule. Dedan, mkarimu ghafula, akakimbilia ncha moja. "Nishike upande huu, mzee!" Akaishika, akaivuta, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote ili irefuke, na Abdinur kwa upande wa pili akailegeza ili ifupike, na kwa kitambo pakawa na vita vya kamba kati ya Murang'a na Garissa vyenye mngurumo na mitupo ya miguu, mpaka Nthenya akawapiga wote wawili mikononi.

"Toeni mikono! Mkonge haunyooshwi kwa nguvu." Akailowesha kwa mate, akailaza pajani, akaisugua kwa kiganja toka fundo hata fundo, kama wanawake wa Ukambani wanavyofanya tangu mkonge uote. Ikanyooka. Ikawa urefu wake wa kweli, na hakuna aliyethubutu kubisha.

Wakaipeleka kwa la manjano, wakaishika toka gurudumu hata gurudumu. Lilizidi kwa vidole vinne. Vidole vinne tu! Ndeti akapima tena, akijua. Akashuka chini taratibu, akaligusa bavu lake linalong'aa, akasema, "Kwaheri, mrembo," na ilimuuma kweli.

Wakaipeleka nyuma ya kibanda. Gurudumu hata gurudumu, lile fupi lilikaa ndani ya mafundo na likabakiza vidole viwili kila upande. Abdinur akatia kiganja kwenye injini. "Baridi kama sikio la ndama. Na kuku amelala hapa kwa amani. Kuku halali palipo na wazimu." Ndeti akapanda, akawasha. Likakohoa mara moja, likakohoa mara ya pili, kuku akaruka akipiga kelele za kulaani ukoo mzima, na injini ikashika ikanguruma nzito na sawasawa. Dedan alifunga kamba nzito kwenye gari bovu la tani nyingi lililokuwa hapo ili kulijaribu, na lile fupi likalivuta bila kunung'unika. Hata Dedan alistaajabu. Yeye pia alikuwa hajawahi kulijaribu. Wakapeana mikono, na Nthenya akapewa yai lililobaki ndani ya koleo.

Basi tingatinga likasafiri hadi Machakos ndani ya lori la mbuzi, likashushwa soko la mifugo kwa ngazi ile ya udongo wanayoshushia ng'ombe, na jioni yote Ndeti akajifunza kuliendesha hapo hapo, huku ng'ombe na madalali wakikimbia pamoja. Ijumaa saa tisa alasiri jemadari akaingia Mumbuni. Abdinur alitangulia mbele kwa miguu akifukuza mbwa. Nthenya alifuata nyuma, anasuka. Na watu, jamani! Wauza sukuma waliacha sukuma, kinyozi aliacha kichwa nusu, na kwenye kiti chake cha kukunja, fimbo magotini, akaketi Kalondu.

Ndeti akalielekeza lango. Akaja polepole, hatua kwa hatua, magurudumu yamenyooka vizuri kati ya nguzo mbili. Akaja, akaja, na mara Nthenya akapiga yowe, "Simama!"

Akasimama. Akachungulia. Mbele ya magurudumu lilikuwapo koleo, na koleo lilikuwa pana kuliko magurudumu kwa kiganja kizima kila upande. Lilikuwa limekaa mbele ya nguzo zote mbili, ncha zake zikiwa zimebakiza inchi moja kuyagusa maua ya buluu. Walipima magurudumu. Koleo hakuna aliyelipima.

Abdinur akajipiga kofi la paji la uso. "Wallahi! Nimepima mabega, nimesahau pembe!"

Na umati ukalipuka. "Mvunja Nguzo! Mvunja Nguzo amerudi!" Kinyozi alicheka mpaka akaketi chini. Ndeti alisikia masikio yake yakiwaka. Akawafikiria maksai wake, ambao sasa walikuwa wa watu. Akafikiria kesho, wazee wa koo mbili na Kalondu amesimama akihutubu. Alitamani kupanda mti wowote uliokuwa karibu na asishuke tena.

Lakini neno la Abdinur lilikuwa limemkwama kichwani. Pembe. Maksai wake mwekundu alikuwa na pembe pana kuliko mlango wa boma la baba yake, na kwa miaka tisa aliingia na kutoka kila siku. Alifanyaje yule mnyama? Hakugeuka ubavu, hakurudi nyuma. Alinyanyua kichwa juu kabisa, pembe zikapita hewani juu ya miti ya boma, na mabega yakafuata.

Ndeti akavuta vyuma. Mikono ya tingatinga ikaanza kupanda, na koleo likapanda nayo, polepole, likipita usawa wa vigae, likipita usawa wa vichwa vya nguzo, mpaka likasimama juu kabisa angani. Kinyozi akainuka. Na hivyo ndivyo alivyoingia, vidole viwili huku, vidole viwili kule, nguzo iliyoinama ikimtega sikio alipopita. Tingatinga zima mikono juu, kama mtu anayejisalimisha kwa polisi.

Likapita. Kigae hakikudondoka. Kalondu alitazama nguzo ya kulia, akatazama ya kushoto, kisha akalitazama tingatinga limesimama mbele yake mikono juu, na midomo yake ikaanza kucheza.

"Ndeti," akasema, "umekuja kujisalimisha?"

Ndeti akazima injini. Alikuwa amejiandalia hotuba ndefu ya ushindi tangu Mavoko, lakini akaiacha palepale kitini. Akashuka, akavua kofia, na lile jambo lililokaa kooni miaka sita likatoka lenyewe.

"Ndiyo, mwaitu. Nimejisalimisha. Ile nguzo ilivunjwa na mimi, si trekta. Nilikuwa na haraka. Samahani."

Kalondu akaweka fimbo chini. Akavuta pumzi, akapangusa miwani kwa kanga, akaivaa tena. "Hilo tu," akasema, "ndilo nililokuwa nangoja. Ungelisema mwaka ule, ningekupa chai. Sasa kaa chini, unywe chai ya miaka sita." Akageukia umati akainua fimbo. "Na nyinyi mnaomwita Mvunja Nguzo! Kuanzia leo atakayelitaja jina hilo hapa Mumbuni nitamchapa, na mnajua mikono yangu." Na wazee kadhaa kati yao, waliojua, wakainamisha macho chini.

Magogo manne yalitoka siku ile ile, moja baada ya jingine, yakivutwa kwa mnyororo, koleo likiwa juu kila safari. Kesho yake wageni wakaja, mbuzi wa ntheo wakaingia, wazee wakaketi mahali pakavu. Nthenya akampa Kalondu kiondo. Alikuwa amesuka ukingo upya usiku ule kwa kamba ile ile nyeusi, fundo huku na fundo kule, yamefichwa kwa ndani; alikataa kutumia mkonge mwingine.

Hivyo ukitaka kujua upana wa lango la Kalondu, usijisumbue kulipima. Nenda umwamkie, mwambie samahani kwanza hata kama hukumkosea, kisha umwombe akuonyeshe kiondo.